Walinzi wa Ubongo Wasioamka kwa Wakati

Seli ya ngozi ikifa leo, kesho nyingine imekwisha kushika mahali pake na mwenye ngozi hana habari ya msiba huo. Utando wa utumbo hujikarabati kila baada ya siku chache, na damu, kama wajuavyo wanaoitoa kwa hiari yao kuwapa wagonjwa, hujirudishia ilichopungukiwa bila ya kuombwa. Seli ya neva iliyomo ubongoni haikujaaliwa neema hiyo. Aghalabu umri wake ni sawa na umri wa mwenye kuimiliki, na mtu wa miaka 80 anapolikumbuka jina la mwalimu wake wa chuoni hulikumbuka, kwa sehemu kubwa, kwa seli zile zile alizokuwa nazo siku alipofundishwa alifu na mwalimu huyo. Seli hizo hukadiriwa kuwa bilioni 86, na ubongo wenyewe, ambao uzito wake ni kiasi cha sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili, hutumia peke yake takriban moja ya tano ya nishati yote ambayo mwili unaitumia ukiwa umepumzika.

Kwa mali ya thamani kama hiyo, isiyo na badali na yenye gharama kubwa kuitunza, mtu angetaraji kuwa maumbile yameiwekea ulinzi ulio imara kuliko wa kiungo chochote kingine. Ulinzi upo, na ni wa kale kuliko ubongo wenyewe, kwani hata bakteria, ambao hawana ubongo wala neva, wanao. Lakini jambo ambalo wataalamu wamelitambua kidogo kidogo katika muda unaozidi nusu karne, na ambalo ndilo hasa linalonishughulisha katika makala haya, ni kwamba seli ya neva, iliyo na haja ya ulinzi huo kuliko jamaa zake karibu wote, ni miongoni mwa zilizo nzito sana katika kuuita.

Habari ilianzia Napoli, mji wa bandari wa kusini ya Italia, mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika maabara ya elimu ya urithi alimokuwa akifanya kazi kijana aitwaye Ferruccio Ritossa. Alikuwa akiwachunguza mabuu wa inzi wadogo, jamaa ya wale waruka juu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi, na katika mabuu hao alizipenda zaidi tezi za mate, kwa sababu kromosomu zilizomo katika tezi hizo ni kubwa ajabu: nyuzi za urithi zimejirudufu mara nyingi na kulala sambamba, zikafanya utepe mnene wenye mistari ya kupishana, mweusi kwa mweupe, unaoonekana vizuri kwa hadubini ya kawaida. Pale ambapo jeni imeamka na kushika kazi, utepe hufura. Pale ambapo jeni imelala, utepe hubaki mwembamba. Kwa hiyo mwenye jicho lililozoea aliweza, kwa kuutazama utepe tu, kusema ni jeni zipi zilizo kazini na zipi zilizo mapumzikoni, maarifa ambayo wakati ule hayakupatikana kwa wepisi kama huo mahali pengine popote.

Siku moja mtu mwingine wa maabara aliongeza joto la kabati la kutunzia tezi hizo bila ya kumwarifu mwenzake. Ritossa alipoziweka tezi chini ya hadubini aliona uvimbe mahali ambapo hakuwa ameuona kabla, na baadhi ya uvimbe wa siku zote umenywea. Alipotambua kuwa sababu ni joto, alilirudia jambo kwa makusudi, na uvimbe ule ule ukatokea pale pale, tena katika muda wa dakika chache. Fauka ya hayo akaona kwamba joto halikuwa peke yake katika kuleta athari hiyo: dinitrofenoli, kemikali inayoivuruga seli katika kujitengenezea nishati, na salisileti ya sodiamu, ambayo ni jamaa ya aspirini, zilileta uvimbe huo huo. Seli, basi, haikuwa ikijibu joto kwa kuwa ni joto. Ilikuwa ikijibu dhiki, na jibu lake kwa dhiki za namna mbalimbali lilikuwa moja.

Kwa mujibu wa kumbukumbu alizoziandika mwenyewe mwaka 1996, jarida moja lenye hadhi liliikataa habari hiyo kwa hoja kwamba haikuwa na umuhimu kwa wanasayansi, na ikachapishwa mwaka 1962 katika jarida jingine, Experientia, kwa kurasa chache. Ikapita miaka 12 kabla ya kujulikana jeni zile zilizoamka zilikuwa zikitoa nini, hata mwaka 1974 Alfred Tissières na wenziwe, Herschel Mitchell na Ursula Tracy, huko California, walipozitenganisha protini za inzi waliotiwa joto na kukuta namna chache za protini zikifanyizwa kwa wingi, wakati ufanyizaji wa zile za kawaida ulikuwa umepungua. Zikaitwa protini za mshtuko wa joto, na jina limedumu ijapokuwa sumu, madini mazito, ukosefu wa hewa na ukosefu wa damu vyote huziamsha. Zikaonekana katika chachu, katika mimea, katika kuku na katika mwanadamu; na ile iliyo mashuhuri kuliko zote, yenye uzito wa takriban kilodaltoni 70 na kwa hiyo ikaitwa Hsp70, imebadilika kidogo sana tangu bakteria hadi binadamu, kiasi ambacho karibu nusu ya asidi amino zake ziko vile vile, mahali pale pale, katika viumbe hao wawili waliotengana kwa mabilioni ya miaka. Kitu ambacho maumbile yamekihifadhi kwa uaminifu namna hiyo si pambo.

Ili kuelewa kazi yake yatupasa kutazama jinsi protini zinavyoharibika. Kila protini huanza maisha yake ikiwa uzi wa asidi amino zilizounganishwa moja baada ya moja, na uzi huo haufai kitu mpaka ukunjike kwa umbo lake mahsusi. Christian Anfinsen, Mmarekani aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1972, alionyesha kwamba uzi unaweza kujikunja wenyewe, maadamu maagizo ya umbo yamo katika mpangilio wa asidi zake. Hilo ni kweli ndani ya bomba la maabara penye maji mengi na nafasi tele. Ndani ya seli, ambamo protini zimesongamana bega kwa bega, uzi ambao haujamaliza kujikunja umo hatarini, kwani sehemu zake zisizopatana na maji, ambazo katika umbo kamili hufichwa ndani, bado zi wazi, na zikikutana na sehemu za namna hiyo za jirani hunatana nazo. Joto na dhiki nyinginezo huzifumua hata protini zilizokwisha kukunjika vyema. Ute wa yai ulio majimaji na wenye kupenya nuru, ukichemshwa, huwa mweupe na mgumu kwa sababu protini zake zimefumuka na kushikana, wala hajazaliwa mpishi awezaye kuurudisha ulivyokuwa.

Mwaka 1986 Mwingereza Hugh Pelham alitoa rai kwamba Hsp70 huzishika sehemu hizo zilizo wazi ili zisinatane, na mwaka 1989 Franz-Ulrich Hartl wa Ujerumani na Arthur Horwich wa Marekani wakathibitisha kwa protini nyingine ya ukoo huo, Hsp60, kwamba kukunjika ndani ya seli ni jambo lenye wasaidizi. Kwa kazi hiyo walitunukiwa Tuzo ya Lasker mwaka 2011. Sasa tunajua kwamba Hsp70 hufanya kazi kwa kushika na kuachia. Mshirika wake aitwaye Hsp40 humletea protini iliyofumuka. Hsp70, ikitumia ATP, ambayo ndiyo nishati ya matumizi ya kila siku ya seli, huifumbata sehemu iliyo wazi kwa muda mfupi, kisha huiachia ijaribu tena kujikunja, na mchezo huo huweza kurudiwa mara nyingi. Protini iliyoshindikana kabisa hubandikwa alama iitwayo ubikwitini na kupelekwa kusagwa. Ziko pia ndogo, mathalan Hsp27, zisizotumia nishati yoyote, ambazo kazi yao ni kuzizuia zilizofumuka zisishikane mpaka mkubwa wao afike.

Na nani awaamshaye walinzi hawa? Hapa pana ustadi ambao mimi binafsi sichoki kuustaajabia. Katika siku za amani, protini iitwayo HSF1, ambayo ndiyo yenye uwezo wa kuziamsha jeni zile zilizofura machoni pa Ritossa, hushikwa na kuzuiliwa na walinzi wenyewe, Hsp70 na Hsp90. Dhiki inapotokea na protini zilizofumuka zikawa nyingi, walinzi humwacha mfungwa wao wakakimbilia kwenye maafa. HSF1, ikiwa sasa huru, hujikusanya tatu tatu, huingia katika kiini cha seli na kuamuru walinzi wengine zaidi wafanyizwe. Dhiki ikipungua, walinzi waliobaki bila ya kazi hurudi na kumkamata tena. Haihitajiki amri kutoka juu wala mjumbe wa kupeleka habari: wingi wa uharibifu wenyewe ndio kipimo, na kumalizika kwake ndiko kuzima.

Tuje ubongoni. Mwaka 1982 Takaaki Kirino wa Japani alieleza jambo lililowashangaza madaktari wa neva. Aliwatumia panya wadogo wa jangwani ambao mishipa ya damu ya ubongo wao haikuunganika mbele kwa nyuma kama yetu, hata mtu akiibana mishipa miwili ya shingo, sehemu yote ya mbele ya ubongo hukosa damu. Aliibana kwa dakika 5, kisha akaiachia. Siku ya kwanza seli za hipokampasi, ile sehemu ya ubongo inayohusika na kuweka kumbukumbu mpya, zilionekana nzima kwa hadubini, na siku ya pili hali kadhalika kwa sehemu kubwa. Lakini ilipofika siku ya nne, katika eneo moja la hipokampasi liitwalo CA1, karibu seli zote zilikuwa zimekufa. Damu ilikuwa imerudi zamani, hewa ilikuwapo, sukari ilikuwapo, na seli zikafa juu ya hayo. Waliochunguza baadaye walikuta kwamba majirani wa eneo hilo, waliopata dhiki ile ile na wakaokoka, walikuwa wamejaa Hsp70, ilhali seli za CA1 zilikuwa zimeandika waraka wa kuiagiza, yaani ule mwigo wa jeni unaotangulia protini, lakini protini yenyewe ilikuwa haba au haikuonekana. Amri ilitoka, watekelezaji hawakutekeleza.

Ndipo mwaka 1990 Kazuo Kitagawa na wenziwe wa Osaka wakauliza itakuwaje mnyama huyo akitangulizwa dhiki ndogo kabla ya kubwa. Waliibana mishipa kwa dakika 2 tu, ambazo peke yake haziui seli. Wakarudia siku ya pili yake. Wakangoja siku 2 nyingine, kisha wakaleta zile dakika 5 za maafa. Seli za CA1 zilinusurika karibu zote. Katika muda wa kungoja zilikuwa zimejaza Hsp70, na msiba ulipokuja ukawakuta walinzi wamekwisha kushika zamu. Si haki kusema kuwa Hsp70 peke yake ndiyo iliyofanya kazi hiyo, kwa kuwa mambo mengi hubadilika katika seli iliyotishwa namna hiyo. Walakini mwaka 2000 panya waliotiwa jeni ya ziada ya Hsp70, ambao hawakutangulizwa dhiki yoyote, walionekana kupata madhara machache zaidi ubongo wao ulipokosa damu, na ushahidi huo ni mgumu kuupuuza.

Kwetu jambo hili haliko mbali. Uchunguzi uliofanywa katika wilaya ya Hai na jijini Dar es Salaam, na kuchapishwa mwaka 2010, ulikuta kwamba idadi ya wanaopata kiharusi kwa mara ya kwanza kila mwaka, baada ya kusawazisha umri, ilikuwa takriban watu 109 katika kila 100,000 huko Hai na takriban 316 katika kila 100,000 huko Dar es Salaam, idadi ambayo kwa mji huo ilikuwa miongoni mwa kubwa zilizopata kuandikwa duniani. Aghalabu mshipa huziba, na kwa kila dakika ambayo mshipa mkubwa umezibwa bila ya tiba hukadiriwa kuwa seli za neva milioni 1.9 hupotea. Katikati ya mahali palipozibwa seli hufa upesi mno hata walinzi hawawahi kufanyizwa, tena ATP ambayo Hsp70 haiwezi kufanya kazi bila yake imekwisha. Lakini kandokando yake pana ukanda wenye damu kidogo, ambamo seli haziwezi kufanya kazi na bado hazijafa, nako huko ndiko Hsp70 huonekana kwa wingi, na ndiko seli huweza kushinda vita au kushindwa.

Mwaka 1998 Midori Yenari na wenziwe wa Chuo Kikuu cha Stanford waliitia jeni ya Hsp70 ndani ya virusi vilivyolemazwa, wakavidunga katika ubongo wa panya, na seli zilizoipokea zikahimili kiharusi cha kutengenezwa na hata madhara ya kifafa kuliko zile zisizoipokea. Miongoni mwao alikuwamo Robert Sapolsky, ambaye wengi wa Afrika Mashariki wanamjua kwa miaka aliyoitumia Masai Mara akiwafuatilia nyani na kuzipima homoni zao za dhiki, na ambaye kwa hiyo aliishika dhiki kwa ncha zake zote mbili, ya kundi la wanyama na ya ndani ya seli moja. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba jeni hiyo ikitiwa saa 2 baada ya damu kukatika bado husaidia; ikitiwa saa 5 baadaye, haisaidii. Hsp70, imeonekana, haishughuliki na protini zilizofumuka tu: huizuia pia ile mitambo ambayo seli huitumia kujiua yenyewe kwa utaratibu, kwa kuishika protini iitwayo Apaf-1 isikusanyike, na hupunguza ukali wa uvimbe unaofuata baada ya mshipa kuziba.

Maradhi ya polepole yana mkasa wao. Katika Parkinson, Alzheimer, Huntington na ule ugonjwa wa neva za misuli uitwao ALS, ambao namna yake moja ilimkalisha kitini mwanafizikia Stephen Hawking kwa miongo mingi, madaktari huona ndani au kandokando ya seli za neva madonge ya protini zilizokunjika vibaya zikanatana. Nancy Bonini wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania aliwarudia inzi wale wale wa Ritossa: akawatia protini ya binadamu inayohusika na Parkinson, seli zao za dopamini zikafa; akawatia pamoja nayo Hsp70 ya binadamu, seli zikasalimika. Habari hiyo ilitoka mwaka 2002. La ajabu ni kwamba madonge hayakutoweka. Yalibaki yakionekana kama awali, na seli zikaishi nayo, jambo ambalo lapaswa kumtia shaka kila atazamaye donge na kudhani kuwa ndilo adui mwenyewe.

Mbona basi seli za mgonjwa, ambazo jeni ya Hsp70 zinayo tangu kuzaliwa, zisijiokoe? Mwaka 2003 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal, chini ya Heather Durham, walizichukua seli za neva zinazoendesha misuli, zile ziuawazo na ALS, wakazitia joto, wakazitia kemikali za kuzisumbua, wakazitia hata protini mbovu inayoleta ugonjwa, Hsp70 haikupanda. Seli nyingine zilizokuwa pamoja nazo zilipata joto lile lile na zikaitika. Walipoitia HSF1 iliyofanywa isizuilike, ndipo seli za neva nazo zikatoa Hsp70 kwa wingi. Kwa hiyo silaha zilikuwamo ghalani, na kilichokosekana ni mwitikio wa kengele.

Yamkini seli za neva hutegemea majirani. Michael Tytell na wenziwe walionyesha mwaka 1986, katika ule mkia mnene wa neva ya ngisi ambao wanafiziolojia wameupenda kwa kuwa huonekana kwa macho matupu, kwamba seli saidizi zilizouzunguka hutengeneza protini za dhiki na kuzipitisha ndani ya neva. Na upande wa pili wa jambo hili ni wa kushangaza zaidi: mwaka 2008 Veena Prahlad na Richard Morimoto, wakimtumia mnyoo wa urefu wa milimita moja mwenye seli za neva 302, walikuta kwamba zikiharibiwa seli mbili tu za neva zihisizo joto, mwili mzima wa mnyoo hushindwa kuwaamsha walinzi wake ipasavyo. Neva, ambayo yenyewe ni nzito kujilinda, huwa ndiyo ipigayo mbiu kwa ajili ya matumbo na misuli. Sababu ya tabia hiyo sitaibuni. Ila najua kwamba kuwaamsha walinzi huandamana na kusimamisha ufanyizaji wa protini za kawaida, na seli ambayo kazi yake ni kupeleka habari usiku na mchana haiwezi kufunga duka kila ipatapo joto kidogo. Na najua vile vile kwamba ulinzi huu si rafiki wa kila mtu, kwani saratani nazo huutegemea, na mwaka 2007 maabara ya Susan Lindquist ilionyesha kwamba panya waliokosa HSF1 walipata uvimbe wa saratani kwa nadra zaidi. Mwenye kutaka dawa ya kuuchochea kwa miaka mingi mwilini mwa mtu hana budi kulitia hilo katika hesabu yake.

Dawa zimetafutwa. Iliyofika mbali kuliko zote ni arimoclomol, yenye asili ya Hungaria, ambayo haiamshi walinzi katika seli iliyo salama bali hurefusha kazi ya HSF1 katika seli iliyokwisha kuwa na dhiki, tofauti iliyowapa watu matumaini makubwa kwa sababu za usalama nilizokwisha kuzitaja. Mwaka 2004 kundi la Linda Greensmith wa London lilitangaza kuwa panya wenye ALS waliopewa dawa hiyo waliishi kwa asilimia 22 zaidi ya wenzao. Ikajaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 200, wengine wakipewa dawa na wengine kidonge kisicho na kitu, kwa wiki 76; na mwaka 2021 ikatangazwa kwamba hapakuwa na tofauti ya maana baina ya makundi mawili. Mgonjwa wa ALS hutambuliwa baada ya neva zake nyingi kwisha kufa, na panya wale walianza kutibiwa wakati ambapo msiba ulikuwa unaanza tu au bado. Sioni kwamba majaribio hayo yameibomoa hoja ya Hsp70. Naona kwamba yameonyesha jinsi ilivyo kazi kumpelekea mlinzi mwenye nyumba ambaye nyumba yake imekwisha kuungua nusu. Lakini dawa hiyo hiyo, baada ya kukataliwa mara moja, iliidhinishwa nchini Marekani mnamo Septemba 2024, itumike pamoja na dawa nyingine iitwayo miglustat, kwa wagonjwa wenye dalili za neva za maradhi adimu ya kurithi yaitwayo Niemann-Pick ya namna C, ambayo aghalabu huwaanza watoto na ambamo mafuta hujaa katika vijifuko vya kusagia takataka za seli mpaka ubongo ukadhoofika.

Najua kuna atakayeuliza kama si rahisi zaidi kujipatia walinzi kwa kujifukiza nyungu au kukaa katika chumba cha mvuke, madhali joto ndilo lililoanzisha habari yote. Huko Finland wanaume zaidi ya 2,300 walifuatiliwa kwa takriban miaka 20, na wale waliokwenda sauna mara 4 hadi 7 kwa wiki walionekana kupatwa na upungufu wa akili wa uzeeni kwa nadra kuliko waliokwenda mara moja. Ni habari ya kupendeza, lakini mtu awezaye kwenda sauna karibu kila siku aghalabu ni mzima wa mwili na mwenye wasaa, na kuangalia tu hakutenganishi tunda la joto na tunda la uzima. Na kwa mtu ambaye kiharusi kimekwisha kumpata, joto ni hasimu. Wadenmark wa Copenhagen walionyesha mwaka 1996 kwamba kila nyuzi 1 ya joto la mwili iliyozidi wakati mgonjwa anafikishwa hospitali iliongeza zaidi ya maradufu uwezekano wa hatima mbaya. Vivyo hivyo asitokee msomaji akadhani kuwa kiharusi kidogo kipitacho, kile cha ulimi kuwa mzito kwa dakika chache kisha ukafunguka, ni chanjo dhidi ya kikubwa kwa sababu panya wa Osaka walinufaika: kwa binadamu hiyo ni ilani, na anayeipata aende hospitali siku hiyo hiyo.

Katika wodi za kiharusi, basi, hakuna leo hata dawa moja ya kuamsha protini za dhiki iliyofika kitandani mwa mgonjwa. Kinachotolewa ni dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ikiwa mgonjwa amefika ndani ya saa 4 na nusu na picha ya kichwa imeonyesha kuwa mshipa haukupasuka. Penye wataalamu na vifaa, donge huvutwa kwa mpira mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa. Na kuna jambo jingine lisilo na fahari yoyote. Huko New South Wales, Australia, wodi 19 za kiharusi zilishiriki katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011, ambamo wauguzi wa baadhi yake walifundishwa utaratibu wa siku 3 za mwanzo: kupima joto na kuituliza kwa parasetamoli homa ya nyuzi 37.5 na zaidi, kupima sukari na kuishusha, na kumjaribu mgonjwa kumeza kabla ya kumpa chakula, maji au vidonge. Baada ya siku 90, katika wodi zilizofundishwa, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 42. Katika zile ambazo hazikufundishwa, asilimia 58.